Mwache Amalize Kusema

Mwanangu Zubeda,

Ukiisoma barua hii utakuwa umeshapita Lugazi. Makalio yameanza kufa ganzi, na jirani yako kwenye kiti ameshamaliza paja la kuku bila kukukaribisha. Msalimie. Mama yako alikuambia ukipita Lugazi ufungue msahafu usome Yasini. Umefungua, umemkuta baba yako. Yasini utaisoma baadaye inshallah, na Mungu atanisamehe, kwa sababu sikuona mahali pengine pa kuficha karatasi hizi. Mifuko wanapekua. Viatu wanavua. Msahafu, askari wengi wanaubusu halafu wanaurudisha.

Usizitoe nje ya kurasa za msahafu. Soma kama unayesoma dua, midomo itikisike kidogo. Ukitaka kucheka, kohoa.

Wewe saa hii uko Kasubi kwa bibi yako unaaga. Mama yako yuko ndani na pasi ya makaa, anapiga pasi gauni lako la bluu kwa mara ya pili kama vile basi litakuwa na kioo. Mambo ya sweta, ya kuchemsha maji, ya kutolala na dirisha wazi, ameshakuambia mpaka kuku wa jirani wameyajua. Mimi hapo sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja, na sijawahi kulisema, mimi ninayesema kila kitu.

Nimekaa barazani kwetu, karatasi juu ya ubao wa dama, makoti ya mnadani yananing'inia nyuma yangu. Ng'ambo ya barabara kuna bwana mmoja wa shati la maua na viatu vya soli nene. Anang'arishwa viatu. Alipokuwa ananyanyua mguu wa kulia mimi nilikuwa naandika "Mwanangu Zubeda." Sasa amerudia tena mguu wa kulia. Ama anaenda kuoa, ama mimi niandike upesi.

Unajua kazi yangu. Nimeuza makoti, miwani, mafuta ya nywele, hata dawa ya mende ambayo mende waliipenda sana. Lakini mkate wa nyumba hii umetoka mdomoni. Kila serikali ikija Kampala huwa ina maneno mengi na haina mtu wa kuyasema, basi inamtafuta baba yako.

Ya kwanza ilinikuta nikiuza njugu Nakivubo, ndevu zangu zikiwa mbili na zote upande mmoja. Mzungu wa kofia ngumu alikuja kuhutubia soko. Alikuwa amehamishwa kutoka upande wa Kenya, Kiswahili anacho, Luganda hana. Mkalimani wake amekauka sauti. Mimi nikawa napiga kelele za njugu. Akaniita. Nyumbani tunasema Kiswahili tangu babu yetu wa misafara, njiani tunasema Luganda, na shule nilifika darasa la tatu, nikaondoka kabla haijaniharibu. Nikapanda juu ya kasha la chai. Mzungu akasema, "Serikali ni baba yenu." Nikasema kwa Luganda, serikali ni baba yenu, na mimi nikaongeza, "kwa hiyo msimsumbue akiwa anakula." Soko likacheka. Mzungu akadhani wamefurahia hotuba. Kuanzia siku ile nikawa na kazi.

Halafu ikaja bendera mpya na bwana mwenye tai. Huyo alikuwa anasema kwa uchungu mpaka tai inalegea. "Serikali ni mama yenu." Nikasema. Halafu wakaja wanajeshi, na Kapteni mmoja akapanda juu ya lori, akasema, "Serikali iko ndugu yenu." Nikasema na hiyo. Rafiki yangu Kasule akanivuta pembeni, akaniuliza, "Wewe, huu ukoo wetu unakua kila mwaka, mbona sufuria ni ileile?"

Kasule nitamrudia. Nazunguka kwa sababu sitaki kufika.

Nataka kwanza ujue kwa nini nilicheka mwezi uliopita. Ulikasirika sana, hukuniongezea hata chai. Ami yako Rajabu alikuwa amekuja na mikono yake ya grisi, mkaanza ubishi wenu juu ya serikali. Yeye akasema, "Serikali kazi yake barabara na polisi, basi. Biashara ituachie wenyewe. Mtu mvivu asingoje serikali imtafunie." Wewe ukasimama, kidole juu, ukasema, "Na mama asiye na mtaji, Ami, nani atamtetea? Serikali lazima ishike bei na igawe bidhaa, isiwaache wananchi mikononi mwa wanyonyaji!" Hapo ndipo nilipocheka mpaka nikamwaga chai. Ukaniambia, "Baba, kwako kila kitu ni mzaha."

Si mzaha, mwanangu. Niliwasikia wageni wangu wa zamani wamekaa kwenye mkeka wangu. Maneno ya Rajabu ni ya mzungu wa kofia ngumu, neno kwa neno. Aliyasema siku watu wa Katwe walipoomba zahanati. "Mtu mvivu asingoje serikali." Mimi ndiye niliyeyatia Luganda, tena nikaiga mtu mvivu anavyolala. Rajabu alikuwa mgongoni kwa mama yetu, labda ndipo alipoyanyonya. Na yako ni ya bwana mwenye tai. "Wanyonyaji" hilo nimelisema juu ya mapipa, juu ya meza, siku moja juu ya mabega ya mtu, kabla wewe hujaota meno. Sasa mmeyaokota, mmeyavaa, na kila mmoja anadhani yameshonwa jana kwa kipimo chake.

Wewe unajua ninavyouza koti. Kabla sijalitundika natia mkono mifukoni. Nimekuta tiketi za sinema, nimekuta meno ya bandia, siku moja nilikuta barua ya mahakama. Koti ni zuri, linakukaa, lakini mtu wa kwanza ameacha kitu. Maneno nayo hivyohivyo. Tia mkono mfukoni.

Na sikusema mlikosea, hata mmoja. Ndilo linalonisumbua. Ulipougua surua, nesi wa serikali alikubembeleza usiku kucha kuliko shangazi zako wote, na hatukuombwa hata yai. Kwa hiyo mtu akiniambia serikali isifanye kitu, namwangalia hivi. Na duka la Kasule nimeliona lilivyokuwa. Kwa hiyo mtu akiniambia serikali ifanye kila kitu, namwangalia hivyohivyo, halafu naangalia na mlango. Hapo katikati ndipo penye elimu, na mimi niliishia darasa la tatu. Wewe umefika mbali. Utanifundisha siku moja, lakini si leo.

Yule bwana amekuja. Ngoja.

Ameondoka. Amesimama hapa hapa mbele ya makoti, akashika shika mikono ya koti moja, akasema, "Mzee, unaandika sana leo."

"Namwandikia shemeji yangu habari za mbuzi."

"Mbuzi ngapi?"

"Mmoja, lakini ana tabia nyingi."

Akacheka kwa meno tu. Amerudi kwa yule mtu wa viatu. Sasa wanang'arisha kushoto. Naendelea, na kama akirudi utakuta hapa katikati mbuzi.

Nikufundishe hotuba, kwa sababu ndiko unakokwenda. Hotuba ni pilau. Mzungu anapika, mwenye tai anapika, mwanajeshi anapika, na zote zinaanza na kitunguu. Kwanza nawasalimu. Halafu najua shida yenu. Halafu mimi ni nani wenu, baba au mama au kaka. Halafu adui. Halafu kazeni mikanda. Halafu kesho. Baada ya miaka ishirini mimi sikuwa nasikiliza tena. Masikio yalikuwa yamelala, mdomo unakwenda wenyewe kama punda anayejua njia ya sokoni. Watu waliniita fundi. Na mimi nikaamini. Mwanangu, mtu akikuita fundi, angalia anataka umtengenezee nini.

Na kulikuwa na Kasule. Wewe ulimjua kwa zile peremende. Duka lake la sabuni na sukari lilikuwa pale Nakivubo, mlango wa tatu kutoka kwenye mti wa teksi za Entebbe. Kila mkutano alikuja kusimama mbele na lile tumbo lake. Na kila mkutano mimi nilikuwa nalitumia. Mzungu akisema njaa, namwonyesha Kasule kidole: "Huyu hajaisikia!" Mwenye tai akisema wanyonyaji, kidole kwa Kasule: "Hata huyu anayenyonya kwa mrija!" Na yeye anashika tumbo kwa mikono miwili, anajibu, watu wanaanguka kwa kicheko. Hatukuwahi kupanga. Ulikuwa utani wetu. Bila hiyo hotuba haishuki. Sijui watani wangapi duniani wamepata uwanja wa bure hivyo.

Siku ile wewe ulikuwa bweni. Sukari ilikuwa imepotea wiki nyingi, watu wanakunywa chai na hasira. Kapteni akakusanya soko. Akapanda lori, karatasi mkononi, na mimi nikapanda na tarumbeta langu la bati. Akaanza vizuri. Salamu. Shida yenu tunaijua. Ndugu yenu. Mimi natafsiri, watu wanaitikia, Kasule yuko mbele kama kawaida.

Kapteni akasema, "Na sukari, serikali inajua iko wapi."

Nikatafsiri. Halafu akanyamaza. Koo lilikuwa limemkauka, akachukua chupa ya soda, akainama kutafuta cha kufungulia.

Zubeda, mimi kimya kwenye mkutano sikiwezi. Ni kama sufuria inaungua, mkono unakwenda kwenye mwiko. Na nilijua kinachofuata. Baada ya "serikali inajua" kinakuja kipande cha adui. Nimekisema mara mia. Basi Kapteni bado ana chupa mdomoni, mimi nikanyanyua tarumbeta: "Na adui hayuko mbali! Yuko hapahapa kati yenu, anacheka na nyinyi, anawapimia sukari na huku ameificha!" Nikaanza kuzungusha kidole, polepole, kama ninavyozungushaga, watu wanajikunja, wanasukumana, wanacheka. Nikazungusha, nikazungusha, nikakisimamisha kwa Kasule.

Soko lote likalia kwa kicheko. Na Kasule, maskini, akashika tumbo, akapiga kelele, "Nimekamatwa, nimekamatwa! Sukari yote imo humu!"

Kapteni akashusha chupa. Luganda hana. Aliona kidole changu, aliona mtu ameshika tumbo, aliona watu elfu wanamwangalia mtu mmoja.

"Anasema nini, ile mtu?"

"Utani, afande. Anasema sukari imo tumboni mwake. Ni rafiki yangu."

"Ya kwako umesema nini?"

Hapo ningeweza kusema nimekosea. Ningesema, afande, nimetafsiri kitu ambacho hujasema. Lakini ningekuwa nimemfanya mjinga mbele ya soko, na mimi nikaogopa. Nikasema, "Nimesema ulichosema, afande. Adui yuko kati yetu."

Akaniangalia. Akawaangalia watu. Nikamwona analijaribu lile neno, kama mteja anavyojitupia koti begani asitie mikono. Likamkaa.

"Mzuri," akasema. "Ataonyesha sisi."

Askari wakamchukua Kasule akiwa bado anacheka. Ndiyo picha niliyobaki nayo. Alikuwa ananiangalia mimi, anangojea mstari unaofuata. Alidhani kuna mstari unaofuata.

Dukani walikuta makasha ya sabuni na bakuli la sukari la chai ya watoto. Ilitosha. Duka alipewa mtu mwingine, na Kasule hajarudi, na sasa ni miaka miwili. Wewe uliambiwa amekwenda kwao. Mimi ndiye niliyekuambia.

Lakini hilo bado si lenyewe. Jioni ile Kapteni aliniita kwenye gari lake. Alikuwa amefurahi. Akasema, "Mzee, wewe iko fundi. Mimi nilikuwa nataka kusema tu, lori ya sukari inafika kesho, watu wapange laini. Lakini ile yako ilikuwa na nguvu zaidi."

Lori, Zubeda. Ile sentensi ilikuwa na lori ndani yake. Angemeza mate, angesema lori, watu wangeshangilia, Kasule angekwenda nyumbani kula matoke. Na lori lilikuja kweli kesho yake, na mimi nilipanga laini. Nilirudi na kilo moja. Mama yako aliiangalia ile karatasi ya sukari, akasema, "Mdomo wako umetulisha, na mdomo wako utatuzika." Chai yake hakuinywa. Mimi nilikunywa. Ilikuwa tamu, sitakudanganya.

Tangu siku ile tarumbeta nimelitundika. Nikawaambia watu koo limeharibika. Na tangu siku ile Kapteni lile neno halimtoki mdomoni. Nimemsikia redioni, adui yuko kati yenu, anacheka na nyinyi. Anasimama mahali nilipokuwa nasimama, anazungusha sauti kama nilivyokuwa nazungusha. Watu wanasema anajua kuongea. Hawajui limetoka mfuko wa nani. Na mimi nilikuwa nimelitoa mfuko wa mwenye tai, na mwenye tai Mungu anajua alilitoa wapi.

Sasa amepewa Jinja aisimamie. Siku ile alipokuja hapa barazani na miwani yake myeusi ulidhani amekuja kununua koti. Akasema, "Mzee, wewe iko na msichana amesoma. Sauti kama ya baba. Mimi nataka mtu wa kuandika maneno yangu na kuyasema kwa..." Hakumaliza. Nilikuwa nimeshajibu, "Ndiyo, afande!" Hata sikujua kwa nani. Miaka miwili, na punda bado anajua njia ya sokoni.

Wewe ulifurahi. Nyumba ya kazi, mapazia, taipureta. Ukasema, "Baba, mimi nitaandika maneno ya kuwasaidia watu, safari hii serikali itasikia." Nikasema mashallah. Niliingia ndani nikakaa juu ya gunia.

Hayo mapazia nilimuuliza dereva wake. Akasema yapo tangu zamani, mwenyewe aliyaacha. Mwenyewe nani? Dereva akaanza kukagua tairi. Mtu akikupa nyumba bure, Zubeda, uliza nani alikuwa akilala humo, na kama hupati jibu, usitundike gauni lako.

Juzi nilikwenda Kasubi, si kwa bibi yako. Nilikwenda kwa Nalongo, mke wa Kasule, mama wa wale mapacha. Anasuka mikeka sasa, nyuma ya nyumba ya kaka yake. Huwa nampelekea kitu, naongea vichekesho, naondoka. Safari hii nikakaa chini. Nikasema, "Nalongo, ile siku, kile kidole kilikuwa changu. Na yale maneno Kapteni hakuyasema. Niliyasema mimi."

Hakusimamisha mkono. Akavuta ukindu, akaupitisha, akasema kwa kile Kiswahili chake, "Mimi nilijua siku ile ile, bwana ssebo. Soko yote ilikuwa pale. Mimi nilikuwa nangoja wewe useme."

"Miaka miwili?"

"Wewe unasemaga mambo upesi sana. Hii nikaacha wewe ukawie." Akasuka kidogo. "Alikuwa anarudi nyumbani ananiambia, leo Mzee amenicheka tena. Alikuwa anapenda. Sasa umeniambia mimi niliyekuwa najua. Nani hajui bado?"

Akavuta ukindu mwingine. Akauliza, "Msichana wako anaenda lini?"

Basi ndiyo sababu ya karatasi hizi. Na sasa tia mkono kwenye mfuko wa gauni la bluu, toa tiketi yako, uisome vizuri. Wewe ulidhani nimekununulia Jinja. Soma. Imeandikwa Tororo.

Sikukuambia nyumbani kwa sababu uso wako haujui kuficha, umeurithi kwa mama yako, na yule bwana wa soli nene hakai pale kwa ajili ya viatu. Basi likisimama Jinja utaona gari la Kapteni. Dereva atashika karatasi yenye jina lako. Unaweza kushuka. Ni kazi halali, barua yako ya kazi ni ya kweli, na mimi sitakuita mbaya. Au unaweza kuinama kama unayetafuta kiatu mpaka basi liondoke. Tororo, nyuma ya msikiti, kuna nyumba ya mwuza vitenge. Shangazi yako Mwajuma wa Mumias yupo hapo tangu jana. Njia ya kuvuka mpaka kuingia Kenya anaijua. Amevusha kahawa na sabuni miaka mitatu, msichana mmoja hatamlemea. Kwenye vizuizi ukiulizwa, unakwenda kumwona mgonjwa Tororo halafu unarudi Jinja kazini. Barua ya kazi iweke juu, waione, itakusaidia mara hiyo moja.

Mama yako anajua. Ndiyo maana gauni limepigwa pasi mara mbili; mara ya pili alikuwa anashona ule mfuko.

Sikuchagulii. Nilishamchagulia mtu mmoja mwisho wa sentensi yake, inanitosha. Lakini ukishuka Jinja, ukiamua hivyo, nisikilize kama fundi wako wa mwisho. Akisema, mwache amalize. Akinyamaza, na wewe nyamaza, hata soko zima likukodolee macho, hata kimya kiungue kinuke. Ndani yake labda kuna lori. Usiongeze chumvi. Usicheke naye kabla hujajua anacheka nini. Na kidole chako, mwanangu, kiweke mfukoni.

Ukimaliza kusoma mtakuwa mnaingia msitu wa Mabira. Chana vipande vidogo, vitupe dirishani kimoja kimoja, kama mtu anayetupa maganda ya njugu. Darajani, kabla ya Jinja, kuna askari, usifike nazo.

Nyayo zako nazisikia, umerudi kutoka Kasubi, unacheka na mama yako huko ndani. Nitaingia sasa hivi nitakutania habari ya nywele zako, ili usinishuku.

Najua unachojiuliza hapo ulipo. Unajiuliza, na Baba je, nisiposhuka? Watakuja, ndiyo. Yule wa viatu atavuka barabara kwanza, halafu gari. Wataniuliza, "Mzee, msichana wako..." Na mimi safari hii sitajibu upesi. Nitawapa viti, nitakaa, nitawaangalia mdomoni, na nitawaacha wamalize.

Baba yako.